Simu ya Mtoto: Nani Ampigie, Nani Asimpigie

Tangu shule zifunguliwe, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinazungumzia jambo moja: mzazi amempa mtoto simu ili aweze kumpata, kisha akagundua kwamba watu wengine nao wanampata mtoto huyo kwa simu ileile. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho wasomaji wengine wameuliza.

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Binti yangu ana miaka 11, yupo darasa la sita, na huenda shuleni Ilala kwa daladala peke yake kwa kuwa mimi huondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda sokoni kununua bidhaa za genge langu. Nilimpa simu yangu ya zamani, simu janja ya Android, ili nijue amefika salama. Mwezi uliopita niliichukua usiku niichaji, nikakuta simu nyingi ambazo hazikupokelewa kutoka namba nisizozijua, nyingine za saa nne usiku. Kulikuwa na ujumbe unaosema "Ile hela tuma kwenye namba hii", na mwingine wa mtu anayemwita mwanangu "mrembo" na kumuuliza anasoma shule gani. Baba yake anasema tumnyang'anye simu. Mimi sitaki, kwa sababu siku daladala ilipoharibika Buguruni ni simu hiyo iliyonisaidia kumpata. Je, naweza kuifanya simu hii ipige na kupigiwa na watu watano tu?

Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Mama, pole kwa uliyoyakuta, na umefanya vyema kuitazama simu hiyo na kuuliza kabla ya kuchukua hatua. Jibu fupi ni ndiyo, simu inaweza kufanywa kuwa ya watu wachache. Ila elewa tangu mwanzo kwamba simu janja ina milango mitatu ya kumfikia mtoto, yaani simu za kawaida, ujumbe mfupi, na programu za intaneti kama WhatsApp, na kufuli ya mlango mmoja haifungi mlango mwingine. Wazazi wengi hufunga mmoja, wakalala usingizi, na mtoto akaendelea kutafutwa kupitia miwili iliyobaki.

Kabla hatujagusa mipangilio yoyote, nakuuliza: laini iliyomo ndani ya simu hiyo ni ipi? Umesema simu ni yako ya zamani, nami nashuku kwamba laini nayo ni yako ya zamani. Ikiwa ndivyo, basi namba hiyo imekwisha kuandikwa katika madaftari ya wateja wako, imo katika kikundi cha kikoba, imo kwa madereva wa bodaboda waliokuletea mizigo, na kila mmoja wao akipiga anayepokea ni mtoto wa darasa la sita. Sehemu kubwa ya namba usizozijua huenda ni watu waliokuwa wakikutafuta wewe. Mnunulie laini mpya, isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho chako cha NIDA, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana kitambulisho hicho, na usiifungulie huduma ya kutuma na kupokea pesa. Ujumbe wa "ile hela" hutumwa kwa namba nyingi kwa kubahatisha, na utaendelea kuja. Lakini laini isiyo na pesa haina cha kutapeliwa. Taarifa ya namba iliyotuma ujumbe huo ipeleke kwa 15040, namba iliyowekwa hapa nchini kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Mweleze binti yako kwa nini unafanya hivyo, ili ujumbe wa pili ukija akuletee badala ya kuujibu.

Laini mpya nayo huenda isiwe safi moja kwa moja. Namba zilizoachwa muda mrefu hurudishwa sokoni, kwa hiyo katika wiki za mwanzo huenda akapigiwa na watu wanaomtafuta mwenye namba wa zamani. Mfundishe sentensi moja ya adabu, "Samahani, umekosea namba," kisha akate, bila kutaja jina lake wala mahali alipo, hata mpigaji akiwa na sauti ya kina mama na akimwita "mwanangu".

Sasa tuje kwenye orodha, kwa maana hiyo ndiyo kazi yenyewe na mipangilio ni utekelezaji wake tu. Keti na binti yako, chukueni karatasi, muandike pamoja majina ya watu ambao kweli atawahitaji akiwa njiani. Wewe unataka watano. Ninakuomba waongezeke kidogo, na nitakwambia sababu. Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka 12 niliifunga simu yake ipokee namba mbili tu, yangu na ya mama yake, nikaona nimemlinda. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, bonde la Jangwani likajaa maji na barabara ikafungwa. Mwalimu wake wa darasa alijaribu kumpigia amwambie asiondoke kituoni, arudi shuleni pamoja na wenzake. Simu haikuita, kwa sababu namba ya mwalimu sikuiweka. Mtoto alizunguka kwa miguu na kufika nyumbani saa mbili usiku, viatu mkononi, sare imelowa hadi kifuani, na simu yake mfukoni ikiwa na chaji ya kutosha. Tangu siku hiyo huwa naanza orodha kwa kujiuliza ni nani atakayehitaji kumpata mtoto siku mambo yakienda kombo. Kwa binti yako ningeweka wewe, baba yake, mwalimu wa darasa, namba ya ofisi ya shule, ndugu mmoja anayeishi upande wa Ilala, na jirani anayeshinda nyumbani. Andikeni pia 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozi malipo, na 112 ya dharura.

Baada ya karatasi, simu. Kwanza hifadhi kando picha ya ujumbe wa "mrembo", kama nitakavyoeleza mwishoni, ndipo uifute yote irudi katika hali ya kiwandani, kwa sababu kama ilivyo sasa imebeba akaunti yako ya Google, majina yako na huenda picha zako. Kisha mfungulie mtoto akaunti yake kupitia Family Link, programu ya bure ya Google inayoiunganisha simu yake na yako. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, ni mzazi anayeifungua na kuisimamia akaunti hiyo, na kila programu anayotaka kuipakua itasubiri ruhusa yako. Kuanzia mwaka 2025 Google imekuwa ikiongeza katika Family Link uwezo wa mzazi kuidhinisha majina yanayowekwa katika simu ya mtoto na kuzuia simu na ujumbe mfupi visitoke wala kuingia isipokuwa kwa majina hayo. Mtoto akitaka kuongeza mtu, ombi linakuja kwako. Hicho ndicho hasa ulichokiuliza. Huduma hiyo haijafika katika kila simu, na simu ya zamani ina uwezekano mkubwa wa kuikosa. Ukifungua Family Link na usione sehemu ya kusimamia majina yaliyo katika simu ya mtoto, usihangaike, tumia njia ifuatayo.

Katika mipangilio ya simu ya mtoto kuna sehemu ambayo kwa Kiswahili imeandikwa "Usinisumbue". Yahifadhi majina ya orodha yenu katika simu, uyawekee alama ya nyota, kisha katika Usinisumbue uchague kwamba simu zinazoruhusiwa kuita ni za majina yenye nyota pekee. Wengine wakipiga, simu itabaki kimya. Hapa pana mambo mawili ambayo huwaponyoka wazazi wengi. La kwanza ni kwamba kimya hicho si kizuizi: simu hiyo itaonekana baadaye katika orodha ya simu ambazo hazikupokelewa, na mtoto mdadisi anaweza kuipigia. La pili ni kwamba simu nyingi za Android huwa na kipengele kinachomruhusu mpigaji yeyote anayerudia kupiga ndani ya dakika 15 apite, kwa dhana kwamba anayepiga mara mbili ana dharura. Msumbufu naye hupiga mara mbili. Kizime kipengele hicho.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona kwa wazazi makini kabisa. Ndani ya Family Link mzazi anaweza kuweka saa ambayo simu ya mtoto itajifunga, tuseme saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, naye akadhani kwamba simu za usiku zimekwisha. Kufuli hiyo huzuia michezo, video na programu, lakini haizuii mtoto kupokea simu inayoingia, wala haizuii simu ya dharura kutoka. Ni vizuri kwamba iko hivyo, kwa sababu wewe mwenyewe unaweza kumhitaji. Ila maana yake ni kwamba yule wa saa nne usiku bado simu yake itaita. Kwa usiku dawa ni rahisi na haina teknolojia: simu ilale sebuleni, au pale ilipolala usiku ule ulipoichukua kuichaji. Iwe desturi ya nyumba nzima, na zenu pia zilale hapo kama mnaweza, maana mtoto huona haraka sana sheria inayomhusu yeye peke yake.

Kuhusu simu anazopiga yeye, wewe una kizuizi rahisi, nacho ni vocha. Laini ya malipo ya kabla inatumia kile ulichokiweka. Mnunulie kifurushi kidogo cha dakika na ujumbe kwa wiki, bila bando la intaneti kama hana kazi nalo, na mfundishe kukuita kwa ujumbe wa "nipigie" kikimwishia. Mwonye pia kuhusu namba ngeni ya nje ya nchi inayoita mara moja na kukatika, kwa sababu inamtegea aipigie, na dakika moja ya simu hiyo yaweza kumaliza salio lote.

WhatsApp kwa umri wa miaka 11 nakushauri usiiweke kabisa, na masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka anayejifungulia akaunti mwenyewe awe ametimiza angalau miaka 13. Kama darasa lina kundi la kazi za nyumbani, liingie wewe kwa simu yako.

Nimeuacha mwisho ujumbe wa "mrembo", ingawa ndio ulionishtua zaidi. Mpigaji wa kukosea namba haulizi mtoto anasoma shule gani. Usiufute. Upige picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha uizuie namba hiyo. Muulize binti yako kwa upole kama alijibu, kama mtu huyo amewahi kumwambia waonane, na kama anajua alipataje namba. Akikwambia jambo linalokutia wasiwasi, nenda na picha hizo katika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116 uombe ushauri. Na baba yake mwambie hivi: akinyang'anywa simu leo baada ya wewe kuona ujumbe huo, binti yenu atajifunza kwamba mtu mwovu akimwandikia, anayeadhibiwa ni yeye. Siku nyingine hatawaonyesha.

SWALI

Mshauri, mimi ni baba wa Kisauni, Mombasa. Kijana wangu ana miaka 14, yuko Gredi ya Tisa. Shangazi yake aliyeko Muscat alimletea iPhone alipokuja likizo, nami sikuwa na uwezo wa kukataa zawadi ya dada yangu. Nasikia iPhone ina njia yake ya kuzuia. Nataka wakati wa masomo na usiku asizungumze na mtu isipokuwa sisi wa nyumbani, lakini shangazi yake asikatwe, maana atasema namtenga.

Baba wa Kisauni

JIBU

Ndugu yangu, iPhone imetengenezewa jambo hili hasa. Tangu Desemba 2019, katika sehemu ya mipangilio iitwayo Screen Time, kumekuwa na kipengele kinachoitwa Communication Limits, ambacho huamua ni nani anayeweza kuwasiliana na mtoto kwa simu ya kawaida, kwa FaceTime, yaani simu za video za Apple, na kwa ujumbe. Kwanza mwingize kijana katika kundi la familia la Apple chini ya akaunti yako, kisha ufungue Screen Time kwa jina lake na uweke namba ya siri ya tarakimu nne. Namba hiyo isiwe mwaka wake wa kuzaliwa wala mwaka wako wa kuoa. Vijana wa umri wake hubahatisha hizo kwanza.

Kipengele hicho kina vipindi viwili. Katika saa za kawaida unaweza kuchagua Contacts Only, ili awasiliane tu na watu waliohifadhiwa katika simu. Katika saa za kupumzika, zinazoitwa Downtime, unachagua Specific Contacts na kuwataja mmoja mmoja: wewe, mama yake, nyanya yake, na shangazi. Hapo ndipo panapokuwa na utatuzi wa jambo la dada yako, ila namba yake ihifadhiwe pamoja na alama ya jumlisha na 968 za Oman, vinginevyo simu yaweza kushindwa kumtambua na shangazi akaonekana kama mtu baki. Majina yenyewe ni lazima yawe katika iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ili kizuizi kifanye kazi. Kisha funga uwezo wa kijana kuyahariri majina hayo, kwa sababu asipofungiwa ataandika namba ya rafiki yake chini ya jina la shangazi, na simu itampitisha.

Simu ya dharura haizuiliwi kamwe. Kijana akipiga namba ya dharura, vizuizi vya mawasiliano huondoka kwa saa 24 ili aweze kuzungumza na yeyote anayemsaidia. Ukiona siku moja vizuizi vimetoka, usianze kwa kumshutumu; muulize kwanza kama yu salama.

Sasa la muhimu kwako. Screen Time inasimamia simu, FaceTime na ujumbe wa Apple, lakini haina habari na nani anamwandikia katika WhatsApp, na nadhani dada yako hutumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp zaidi kuliko simu ya kawaida, kama wafanyavyo ndugu zetu wengi wa Ghuba. Unachoweza ni kuizima WhatsApp yote katika saa ulizopanga, au kuiacha na kuibana kwa ndani. Ukiiacha, fungua mipangilio yake, uende kwenye faragha, unyamazishe simu za watu wasiojulikana, huduma iliyoanza mwaka 2023. Kisha katika sehemu ya makundi uchague kwamba ni watu aliowahifadhi tu wanaoweza kumwingiza katika kundi. Hilo la makundi lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Mtoto akitiwa katika kundi la watu mia mbili, namba yake inaonekana na wote mia mbili.

Na zungumza na dada yako. Muscat wametutangulia saa moja, kwa hiyo mkikubaliana kwamba ampate kijana baada ya Isha ya huku, kwake itakuwa bado si usiku mkubwa. Shangazi aliyeshirikishwa tangu mwanzo atakuwa mlinzi wako wa pili, naye hatahisi kwamba zawadi yake imegeuzwa kosa.

SWALI

Mimi ni mama wa Dodoma. Binti yangu ana miaka 15, kidato cha tatu. Rafiki yangu kazini amenionyesha programu ya kumwekea kwa siri, niwe nasoma ujumbe wake wote na kusikiliza simu zake bila yeye kujua. Moyo wangu unataka na hautaki. Kuna mwanaume mtu mzima anayemtumia vocha kila wiki, yeye anasema ni kaka wa rafiki yake.

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Mama, usiiweke programu hiyo. Sikwambii hivi kwa sababu wasiwasi wako ni mdogo. Ni mkubwa, na mtu mzima anayemtumia msichana wa kidato cha tatu vocha kila wiki ana jambo analolitaka. Lakini programu za siri za namna hiyo hukulazimisha uzime ulinzi wa simu ili ziingie, hupeleka ujumbe na picha za mwanao kwa watu usiowajua, na binti wa miaka 15 ataigundua. Siku atakayoigundua atatafuta simu nyingine, kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, cha kuazima kwa rafiki, na huko hutakuwa na jicho wala sikio. Hata Family Link na Screen Time, zilizotengenezwa kwa ajili ya wazazi, hazikupi uwezo wa kusoma ujumbe wa mtoto wala kusikiliza simu zake, nami naona waliozitengeneza waliamua vyema.

Kuitazama simu yake una haki, naye akiwa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa sheria ya nchi na wewe una wajibu juu yake. Itazame mbele yake. Mwambie leo kwamba Jumamosi baada ya chai mtakaa pamoja muipitie orodha ya waliompigia na waliomwandikia, na kwamba hutasoma mazungumzo yake na wasichana wenzake, bali unataka kujua kila mtu mzima aliyemo humo ni nani. Kumpa siku mbili tatu kutamfanya afute baadhi ya vitu, najua. Kubali hasara hiyo. Unachokitafuta ni azoee kukueleza, na orodha ya vocha zilizoingia mtaiona tu.

Kuhusu yule wa vocha, usisubiri Jumamosi. Muulize jina kamili, waulize wazazi wa huyo rafiki kama wana kijana wa jina hilo, na mnunulie binti yako vifurushi wewe mwenyewe, hata kama ni vya kujibana, ili asiwe na deni la shukrani kwa mtu baki. Msichana anayepewa vocha huona aibu kutopokea simu ya aliyempa. Hivyo ndivyo mtego huu unavyofanya kazi, na unafanya kazi kwa sababu shilingi mia tano kwa mtoto asiye na kitu ni pesa. Namba hiyo izuiwe katika simu za kawaida na katika WhatsApp pia, kwa kuwa kuizuia sehemu moja hakuizuii nyingine. Akiendelea kumtafuta kwa namba mpya, peleka ushahidi wako Dawati la Jinsia na Watoto.

SWALI

Mshauri, mimi ni bibi wa Pongwe, Tanga. Nalea mjukuu wangu wa kiume wa miaka 9, mama yake yuko Dar kikazi. Mama yake anataka kumtumia simu kubwa ya kugusa ili waonane kwa video. Mimi sijui kuzifunga hizo simu mnazosema. Nifanyeje?

Bibi wa Pongwe

JIBU

Shikamoo bibi. Mwambie mama yake simu ya kugusa aitume, lakini iwe yako wewe. Ikae chumbani kwako, na jioni mama akipiga mtoto aketi karibu nawe waonane na mama yake, kisha irudi mahali pake. Huhitaji kufunga chochote, kwa sababu mtoto hatatembea nayo.

Kama anahitaji simu ya kwenda nayo madrasa au shambani, kitochi chenye tochi na vitufe kinamtosha kabisa, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Kitochi cha kawaida hakina WhatsApp wala picha za kutumiwa na watu baki. Mlango uliobaki ni simu na ujumbe mfupi tu. Mwombe kijana yeyote wa jirani unayemwamini akuwekee namba yako katika kitufe cha 2 na ya mama yake katika kitufe cha 3, ili mjukuu akibonyeza na kushikilia kitufe hicho simu ijipigie yenyewe. Awaandike kwa majina anayoyatumia mtoto, "Bibi" na "Mama", na asihifadhi mtu mwingine isipokuwa mwalimu wake. Amri ya mtoto iwe moja: simu isiyoandika jina haipokelewi, inaletwa kwa bibi.

Laini nayo iwekewe namba ya siri, ili ikihamishiwa katika simu nyingine isifunguke. Namba hiyo ya siri pamoja na ile ndefu ya kufungulia iliyo kwenye kadi ya laini zihifadhi wewe, kwa sababu ikikosewa mara tatu laini hujifunga.

Tena bibi, kitochi hudondoka kisimani na hupotea mnadani. Kila usiku kabla hajalala, mwimbishe namba yako tarakimu kwa tarakimu mpaka aikariri, kisha ya mama yake, na mwisho 116, ambayo ni fupi na ataishika siku hiyohiyo. Akipotewa na simu, atamwomba mtu mzima mwenye duka ampigie bibi yake.